Kigari cha watoto wawili: Pima njia yako kabla ya kufungua pochi

Ukiwa na watoto wawili ambao wote bado wanataka kubebwa, kila safari huanza na hesabu. Nani atakaa mgongoni? Nani atashikwa mkono? Mfuko wenye nepi na kadi za kliniki ataubeba nani? Na mvua ikinyesha njiani je?

Hesabu hiyo wanaijua vizuri wazazi wa Kulwa na Doto. Wanaijua pia waliopata mtoto wa pili wakati wa kwanza hajatimiza hata miaka miwili. Na kwa watoto wa umri huo safari hazikwepeki. Kuna chanjo za mara tu baada ya kuzaliwa, kisha za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu za miezi 9 na miezi 18. Katikati ya hapo kuna kupima uzito kila mwezi. Bado hujaenda sokoni, kanisani, msikitini wala kwa bibi.

Ndiyo maana wazazi wengi wa mijini sasa wanaulizia vigari vya kusukuma vyenye viti viwili, hasa vile vyepesi vinavyokunjwa. Swali lao la kwanza huwa "kipi ni kizuri?" Leo nakuomba uanze na maswali mengine mawili: watoto wangu wana umri gani, na njia ninayopita ikoje? Kigari kinachoteleza vizuri katikati ya mji wa Makambako kinaweza kuwa mzigo mtupu kwenye miteremko ya Njombe. Na kiti kinachomfaa mtoto wa miaka miwili kinaweza kuhatarisha pumzi ya mdogo wake wa miezi mitatu.

Umri kwanza, rangi baadaye

Vigari vingi vyepesi vya viti viwili vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto anayeweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Kwa watoto wengi hiyo ni kuanzia miezi 6 hivi. Kiti chake ni kitambaa kilichotundikwa kwenye fremu, na mgongo wa kiti hulala kidogo tu.

Mtoto mchanga akiwekwa kwenye kiti cha namna hiyo hujikunja. Kichwa chake ni kizito kuliko nguvu ya shingo, kwa hiyo kidevu huanguka kifuani. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, na kidevu kikigusa kifua hujibana. Mtoto hapigi kelele wala hahangaiki. Anaonekana amelala fofofo, kumbe hewa haipiti vizuri. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo, na mapacha wengi wamo katika kundi hilo.

Kwa hiyo, kama mmoja wa watoto wako hajafikisha miezi 6, kiti chake ni lazima kilale chali kabisa, kama kitanda, na kiwe na sehemu ya chini iliyo ngumu na tambarare. Mito, taulo zilizokunjwa na mablanketi ya kumwegemeza havigeuzi kiti cha mtoto mkubwa kuwa cha mtoto mchanga. Mara nyingi huongeza hatari kwa kuusogeza uso wake kwenye kitambaa.

Wazazi wa mapacha walioajiriwa walitazame hili kwa kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Siku 100 ni miezi mitatu na siku chache. Mama anarudi kazini watoto wakiwa bado hawajui kukaa, na hapo ndipo anaponunua kigari ili dada wa kazi au bibi aweze kutoka nao. Ukinunua wakati huo, viti vyote viwili viwe vya kulala chali. Kama havilali, subiri.

Kwa wale waliozaliwa njiti, kigari bora cha miezi ya mwanzo ni kifua cha mzazi. Huduma ya kangaruu, ambapo mtoto hufungwa wima kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu hospitali ilikuwa na upungufu wa mashine za kutunzia joto. Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linaipendekeza kwa watoto wote wa aina hiyo, popote walipo. Mapacha wanaweza kufungwa pamoja kwenye kifua kimoja, au mmoja akakaa kwa mama na mwingine kwa baba. Katika mji wenye baridi kama Njombe, joto hilo ni tiba.

Njombe siyo Makambako

Miji hii miwili iko mkoa mmoja na imetenganishwa na kilomita 60 hivi za lami, lakini kwa mtu anayesukuma kigari ni nchi mbili tofauti.

Makambako iko kwenye makutano. Hapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Sehemu kubwa ya mji imetulia, haina milima mikali, na kusukuma ni rahisi. Adui wa hapo ni malori, upepo, vumbi na reli.

Njombe mjini iko juu zaidi, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mji wenyewe umekaa juu ya vilima. Ukitoka lami kuu unashuka bondeni, kisha unapanda upande wa pili. Adui wa hapo ni mteremko, matope ya masika na baridi.

Sasa tufanye hesabu. Mtoto wa miezi 6 ana wastani wa kilo 8 hivi, na wa miaka miwili kilo 12. Kigari chepesi cha viti viwili kinaweza kuwa na kilo 10, na mfuko wako kilo 3. Jumla unasukuma kilo 33. Kwenye barabara tambarare hujisikii mzigo. Kwenye mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi za njia, kigari kinakuvuta kurudi nyuma kama ndoo yenye lita 3 na zaidi za maji iliyofungwa mikononi mwako. Mlima ukiwa mkali mara mbili, mvuto nao ni mara mbili. Ukiteleza kwenye tope ukaachia mpini, kigari hakitakusubiri.

Kabla ya kununua, fanya jambo moja lisilo na gharama. Ipite njia yako ya kila wiki, kutoka mlangoni hadi kliniki, ukiitazama kama mwenye magurudumu. Hesabu ngazi. Tazama mitaro na vile vivuko vya mbao au zege vinavyoivuka. Angalia panapojaa tope Januari. Pima kwa kamba upana wa mlango wa nyumba, geti na kivuko chembamba kuliko vyote. Weka fundo kwenye kamba hiyo uende nayo dukani. Kigari kikizidi fundo, muuzaji asikushawishi.

Kama zaidi ya nusu ya njia yako ni ngazi, tope au mlima usioweza kuupanda bila kupumzika, jibu umeshalipata. Kigari cha watoto wawili hakitakusaidia kwenye njia hiyo, hata kikiwa cha bure.

Wepesi kwa nani?

Kigari chepesi kinachokunjwa kama mwavuli kilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza aliyewahi kushughulikia miguu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire. Alikuwa amemwona binti yake akihangaika na kigari kizito cha mjukuu, akatengeneza cha alumini chenye uzito wa chini ya kilo 3. Ulikuwa ubunifu mkubwa, lakini kumbuka kilibuniwa kwa ajili ya mitaa yenye njia laini za waenda kwa miguu. Magurudumu yake ni madogo kwa sababu hayakutegemewa kukutana na mawe.

Hapa ndipo pagumu. Wepesi una faida pale unapokinyanyua kigari kukipandisha ngazi au kukipakia kwenye Coaster. Unapokisukuma kwenye njia mbovu, gurudumu kubwa ndilo lenye faida, na gurudumu kubwa huongeza kilo. Jiulize unanyanyua mara ngapi na unasukuma mara ngapi.

Kwa mkazi wa Makambako anayepanda gari mara kwa mara na kutembea kwenye lami au udongo ulioshindiliwa, kigari cha mwavuli chenye fremu imara kinaweza kutosha. Kwa mkazi wa Njombe ambaye njia yake ni ya udongo lakini haina milima mikali, tafuta magurudumu mapana yenye kipenyo kinachozidi kiganja chako kilichokunjuliwa. Yale ya kujazwa upepo hupunguza mtikisiko, na fundi baiskeli wa mtaani anaweza kuyaziba yakitoboka. Yale ya sponji hayatoboki, lakini yakilika huna budi kuyabadilisha.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji awe mwangalifu zaidi. Ushauri wa kawaida ni kutonyanyua kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki 6 hivi za mwanzo. Kigari cha kilo 10 kilichokunjwa ni kizito kuliko mtoto mchanga mara tatu. Anaweza kukisukuma taratibu kwenye tambarare akiwa amepona vizuri, lakini kukipandisha kwenye gari ni kazi ya mtu mwingine. Na yeyote anayekinyanyua apige magoti, akisogeze karibu na mwili, ainuke kwa miguu. Asikivute kwa kuinamisha mgongo.

Bega kwa bega au mmoja nyuma ya mwingine

Vigari hivi viko vya aina mbili. Kuna ambavyo watoto hukaa bega kwa bega, na kuna ambavyo mmoja hukaa mbele na mwingine nyuma.

Cha bega kwa bega hugawanya uzito sawasawa kushoto na kulia, hukunja kona kwa urahisi, na kila mtoto anaona mbele. Kinawafaa mapacha. Tatizo lake ni upana. Vingi vina sentimita 70 hadi 80, na kwenye kivuko cha mtaro au katikati ya meza za sokoni hukwama. Pia watoto wenye uzito tofauti sana hukifanya kivute upande mmoja.

Cha mbele na nyuma ni chembamba na hupita popote panapopita kigari cha mtoto mmoja. Kinawafaa ndugu wa umri tofauti, kwa sababu mara nyingi kiti kimoja hulala chali na kingine hukaa wima. Lakini ni kirefu, na kukiinua juu ya ngazi au kingo ya barabara kunahitaji nguvu. Hatari yake nyingine ni kupinduka. Mkubwa aliyeketi mbele akishuka ghafla, uzito wote unabaki nyuma. Kama umetundika mfuko wa viazi kwenye mpini, kigari kinaanguka chali pamoja na mdogo. Kanuni ni rahisi: mshushe kwanza mtoto aliye upande mwepesi kupinduka, na usitundike kitu chochote kwenye mpini. Mzigo ukae kwenye kapu la chini, au mgongoni mwako.

Cha mtumba kikaguliwe kama pikipiki

Vigari vingi vinavyouzwa kwetu vimetumika kwingine kabla. Hilo si kosa, ilimradi ukikague. Usinunue kwa picha ya simu tu. Kishike, kifungue na ukikunje mara tatu mbele ya muuzaji.

Anza na komeo linalozuia kigari kisijikunje. Kikiwa wazi, bonyeza katikati kwa nguvu. Kikilegea, kiache, kwa sababu kigari kinachojikunja watoto wakiwa ndani huvunja vidole na zaidi.

Tazama bawaba. Mwaka 2009 nchini Marekani vigari karibu milioni moja vya kukunjwa vilitangazwa kuwa na hitilafu baada ya watoto kadhaa kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati wazazi wakivifungua. Vigari vya miaka hiyo bado vinazunguka duniani. Kama bawaba ipo wazi karibu na mkono wa mtoto aliyeketi, chagua kingine. Na kwa kigari chochote, watoto wasimame mbali unapokifungua au kukikunja.

Kagua mikanda. Kila kiti kiwe na mkanda wa pointi tano, yaani miwili ya mabega, miwili ya kiunoni na mmoja unaopita kati ya miguu. Vuta kila mmoja kwa nguvu. Kifungio kifungwe kwa mlio na kisifunguke mtoto akikichezea. Mkanda ulioshonwa upya kwa uzi wa nguo si mkanda.

Jaribu breki kwenye mteremko. Weka mawe au ndoo ya maji yenye uzito wa watoto wako, funga breki, ondoa mikono huku ukiwa tayari kukidaka. Kikisogea hata kidogo, hakifai Njombe.

Mwisho tafuta kibandiko cha viwango. Vya Ulaya huandikwa EN 1888, vya Marekani ASTM F833. Karibu na hapo huandikwa uzito wa juu kwa kila kiti. Kama kiti kimeandikwa kilo 15, mtoto wa kilo 16 ametoka humo.

Usichanganye kigari cha kusukuma na woka, ile ya magurudumu ambayo mtoto husimama katikati na kujisukuma mwenyewe. Woka haimfundishi mtoto kutembea, na imesababisha ajali nyingi za kuanguka na kuungua. Canada iliipiga marufuku mwaka 2004.

Baridi, moshi na kitambaa cha juu

Juni na Julai, asubuhi ya Njombe, mzazi yeyote hutamani kumfunika mtoto gubigubi. Mtoto aliye mgongoni hupata joto la mwili wako. Aliye kwenye kigari hapati, na upepo humpiga mbele na chini ya kiti. Kwa hiyo mvishe tabaka moja zaidi ya ulizovaa wewe, kofia na soksi, kisha funika miguu kwa blanketi lililochomekwa pembeni, lisifike juu ya kifua.

Usipime joto lake kwa kugusa vidole. Vidole vya watoto huwa baridi hata mwili ukiwa na joto la kutosha. Gusa shingo kwa nyuma au kifua. Pakiwa na jasho, punguza nguo. Pakiwa baridi, ongeza. Ukiingia ndani ya kliniki, vua kofia na blanketi hata kama amelala.

Kitu kimoja nakusihi uache leo: kufunika uwazi wote wa kigari kwa kitenge, kanga au blanketi ili "asipigwe na upepo". Hewa ndani haizunguki, joto hupanda haraka hasa jua likitoka, na wewe huuoni uso wake. Tumia kivuli cha kigari chenyewe na ugeuze mwelekeo usikabili upepo. Nailoni ya mvua nayo ni ya mvua tu. Mvua ikikatika, iondoe.

Kwa wa Makambako kuna suala la moshi. Mtoto kwenye kigari hukaa chini ya mita moja kutoka ardhini, usawa wa bomba la moshi la magari mengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza mwaka 2018 kuwa watoto kwenye vigari wanaweza kuvuta hewa chafu zaidi kwa hadi asilimia 60 kuliko wazazi wanaowasukuma. Malori yanapopanga foleni kwenye barabara kuu, pita mtaa wa nyuma hata kama ni mrefu kidogo. Ukisubiri kuvuka, simama nyuma, wala usitangulize kigari barabarani kuchungulia kama gari linakuja. Kwenye reli, vuka panapoeleweka na uikate reli moja kwa moja. Ukivuka mshazari, gurudumu dogo huingia kwenye uwazi na kunasa.

Ukipanda gari

Kigari si kiti cha gari. Kwenye basi, Noah au bajaji, watoto hutolewa kwanza, kigari hukunjwa na kuwekwa kwenye buti. Usimwache mtoto ndani yake kwenye njia ya katikati ya basi, kwa sababu dereva akifunga breki kigari hukimbia. Kwa watoto wawili safiri na mtu wa pili ikiwezekana: kila mtoto na mikono yake. Bodaboda yenye mama, watoto wawili na kigari kilichofungwa nyuma ni safari ya kuikataa, hata kama ni ya karibu.

Saa moja yatosha

Mwaka 2019 WHO ilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asikae amefungwa mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Mwongozo huo unataja vigari, na unataja pia kufungwa mgongoni. Mtoto anahitaji kugeuka, kutambaa, kusimama na kuanguka kidogo. Wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku nzima. Foleni ya kliniki ikiwa ndefu, watoe. Tandika kitenge, mdogo alale kifudifudi ukimwangalia, mkubwa atembee. Na wakisinzia njiani, mkifika nyumbani wahamishie kitandani, chali. Kigari si kitanda cha mchana.

Kiti kimoja na mgongo mmoja

Baada ya yote hayo, kuna suluhisho ambalo duka halitakutajia kwa sababu lina bei ndogo. Kwa ndugu waliopishana umri, kigari chepesi cha mtoto mmoja pamoja na mbeleko hushinda mara nyingi kigari cha wawili. Mkubwa hukaa kwenye kigari, mdogo hukaa mgongoni. Unasukuma kilo chache, unapita kwenye kivuko chembamba, na mdogo anapata joto lako.

Mgongo wenyewe una sifa zake. Mtoto aliyefungwa na mapaja yakiwa yametanuka kuzunguka kiuno cha mama, magoti juu kidogo ya makalio, huwa na nyonga katika mkao mzuri wa kukua. Madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi wameandika kuwa desturi hii inaweza kuwa sababu mojawapo ya tatizo la nyonga kuteguka kwa watoto kuwa nadra huko. Mfunge mgongoni shingo yake ikiwa imekaza, uso uonekane upande, pua isizibwe na kitenge, na kidevu kisiguse kifua. Ukishaanza kuhisi maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, au mkojo kuvuja ukinyanyua, punguza kubeba na umwone mtoa huduma.

Hata hivyo kigari kina jambo moja ambalo mbeleko haijaliweza katika nyumba nyingi. Baba anayeona haya kufunga mtoto mgongoni mara nyingi haoni haya kusukuma. Sheria ilimpa siku tatu tu za likizo ya uzazi, lakini Jumamosi ni yake. Kama kigari kitamtoa baba na watoto wote wawili kwa saa moja ili mama alale, kimelipa sehemu kubwa ya bei yake.

Usisubiri kwa mambo haya

Kigari kisifiche tatizo. Kama mtoto amefikisha miezi 18 na hatembei mwenyewe, au amefikisha miezi 9 na hakai bila kushikwa, mpeleke kliniki ya watoto, iwe kituo cha afya cha karibu, hospitali ya Kibena au ya mji Makambako. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo au misuli iliyolegea asiwekwe kwenye kigari cha kawaida kwa muda mrefu kabla ya kuonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwani anahitaji kiti kinachoshikilia kichwa na mgongo ipasavyo.

Ukimkuta mtoto kwenye kigari midomo ikiwa ya bluu, anakoroma au anahema kwa shida, mtoe mara moja, mlaze chali kwenye sehemu ngumu, nyoosha kichwa chake kisiinamie kifuani, na muwahishe hospitali hata akionekana kurudi sawa.

Wiki hii, kabla hujampigia muuzaji, chukua kamba yako uipite njia. Kamba itakwambia kama unahitaji viti viwili, kiti kimoja na kitenge, au mtu wa pili tu wa kukushika mkono siku ya kliniki.